Kiharusi Kitui na Makueni: Ni Picha Ipi Itangulie?

Kiharusi hutokea ama donge linapoziba mshipa na sehemu ya ubongo ikakosa damu, ama mshipa unapopasuka na damu ikavujia ubongoni. Na ijapokuwa hali zote mbili huweza kumpoozesha mtu upande mmoja na kuufanya ulimi wake kuwa mzito, hakuna daktari awezaye kuzitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Tofauti hiyo ndiyo huamua tiba, kwani dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, yaweza kumwua anayevuja damu.

Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazopigwa kukizunguka kichwa na kuunganishwa na kompyuta, kilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, na bado ndicho kinachotangulizwa katika hospitali nyingi, kwa kuwa damu iliyotoka kuvuja huonekana nyeupe na kazi yote huchukua dakika chache. Udhaifu wake ni kwamba ubongo uliokosa damu huweza kuonekana mzima katika saa za mwanzo, kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba mgonjwa hana kiharusi.

MRI, itumiayo sumaku na mawimbi ya redio, huziba pengo hilo, maana moja ya picha zake, ifuatiliayo mwendo wa maji ndani ya ubongo, huonyesha jeraha mapema mno. Lakini huchukua muda mrefu zaidi, humtaka mgonjwa atulie tuli, na fundi wa jua kali aliyewahi kurukiwa na kichembe cha chuma jichoni hapaswi kuharakishwa kwenye sumaku.

Kwa mkazi wa Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, au wa Mtito Andei, Makueni, barabara hula saa hizo za kutolea dawa kabla ya kuifikia mashine yoyote. Kumpitisha karibu na hospitali yenye CT ili akapigwe MRI Nairobi ni kuliacha jibu linalohitajika sasa kwa ajili ya jibu bora litakalochelewa.

Hata hivyo, yupo ambaye MRI humfaa zaidi: aliyelala mzima akaamka amepooza, wala hakuna ajuaye dalili zilianza saa ngapi. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba jeraha likionekana katika picha ya mwendo wa maji bila kujitokeza katika picha ya aina nyingine ya mashine hiyohiyo, yaelekea kiharusi ni kichanga, na dawa yaweza kumsaidia. Ila ushahidi huo nao huzeeka njiani: aliyeamka hivyo Tseikuru alfajiri akafikishwa Nairobi adhuhuri huenda akakutwa jeraha lake limekwisha kujitokeza katika picha zote mbili.