Medali ya Kumaliza Mbio: Jinsi ya Kuichora na Kuiagiza

Siku hizi mbio za kuchangisha fedha si jambo la mjini tu. Watu wa vijijini nao wanakimbia ili wapate bati za zahanati, madawati ya shule au bomba la maji. Kila mkimbiaji analipa kiingilio. Kwa kiingilio hicho anategemea kupata namba ya kifuani, maji ya kunywa njiani, na akifika mwisho, medali ya kuvaa shingoni.

Kamati nyingi huanza kufikiria medali wakati mbio zimebaki wiki mbili tu. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Ama fedha za zahanati zinaishia kulipia ndege ya mizigo, ama watu wanaambiwa "medali zitafuata", halafu wanangoja mpaka wanachoka. Mwaka unaofuata nani atalipa tena kiingilio? Kwa hiyo leo tutaeleza medali inatengenezwaje, na kamati ifuate hatua gani ili fedha za wananchi zisipotee.

MEDALI YA KILA ANAYEMALIZA

Zamani medali zilikuwa za washindi tu. Katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896 kule Athens, mshindi wa kwanza alipewa medali ya fedha, na wa pili ya shaba. Medali ya dhahabu kwa mshindi wa kwanza ilianza mwaka 1904. Baadaye, mbio zilipoanza kukimbiwa na watu wengi wa kawaida, ilikuja medali ya namna nyingine. Hii hupewa kila mtu aliyefika mwisho, awe wa kwanza au wa mia tatu.

Je, kumaliza tu kunastahili medali? Tumkumbuke John Stephen Akhwari, Mtanzania wa Mbulu. Mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico, mji ulio juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Njiani alianguka na goti lake likaumia vibaya. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Akhwari alikuwa wa mwisho kati ya hao 57, akichechemea na mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Siku hiyo hakupewa medali. Lakini jina lake linajulikana mpaka leo duniani kote.

Basi medali ya kumaliza ni ya watu wa namna hiyo. Kamati ikiipungukia, anayekosa si yule wa mbele. Anayekosa ni wa nyuma kabisa, aliyehangaika kuliko wote.

INATENGENEZWAJE

Usidhani medali ya rangi ya dhahabu ni dhahabu. Nyingi zinatengenezwa kwa zinki iliyochanganywa na madini mengine kidogo. Zinki inapendwa kwa sababu inayeyuka kwa moto mdogo. Inataka nyuzi joto 420 hivi, wakati shaba nyekundu inataka zaidi ya 1,080.

Kwanza fundi anachonga kalibu ya chuma kigumu. Kalibu ni kitu kama kile tunachofyatulia matofali, ila hii ina picha na maandishi ndani yake. Zinki iliyoyeyuka inaingizwa humo, inapoa, inatoka ikiwa na sura ya medali. Kazi hii huitwa kusubu. Baada ya hapo medali inasuguliwa, kisha inazamishwa katika maji ya dawa na kupitishwa umeme, ili ipate ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu, fedha au shaba. Mwisho rangi nyingine zinatiwa katika vishimo vya picha, na utepe unafungwa.

Kumbuka jambo moja. Kalibu inachongwa mara moja tu. Ikishapatikana inaweza kutoa medali nyingi, hata za mwaka ujao.

MCHORO UWE RAHISI

Makosa mengi huanzia kwenye mchoro. Kila mjumbe anataka chake kiwemo: mlima, ng'ombe, shule, jina la mwenyekiti, majina ya wafadhili wote. Kikiwekwa chote katika kitu cha sentimita 6 hakionekani hata kimoja. Mistari myembamba kama uzi hujaa rangi ikapotea. Herufi ndogo hazisomeki.

Chagueni picha moja ambayo mtu wa kwenu akiiona anasema, "Hapa ni kwetu!" Inaweza kuwa mbuyu ulio njia panda, jiwe kubwa la kijiji, au kilima ambacho wakimbiaji watakipanda. Maneno yawe matatu tu: jina la mbio, mahali na umbali.

Na mwaka je? Tunashauri mwaka uandikwe kwenye utepe, usiwekwe kwenye medali yenyewe. Medali zikibaki 40, mwakani zitavalishwa utepe mpya na kutumika. Zikiwa zimechorwa mwaka, hizo 40 ni hasara. Isitoshe, kalibu ile ile itatumika tena.

Msiweke Nembo ya Taifa bila kibali, maana inalindwa na sheria. Tena msichukue alama ya kampuni bila ruhusa yake. Afisa Michezo wa wilaya atawaeleza vibali vinavyotakiwa kwa mbio zenyewe.

UKUBWA, UZITO NA UTEPE

Watu wanapenda medali kubwa. Lakini tupige hesabu kwanza. Medali ya duara yenye upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 3 ina uzito wa gramu 40 hivi. Ukiongeza upana ukawa sentimita 7, unene ule ule, uzito unakuwa karibu gramu 80. Umeongeza sentimita 2 tu, lakini madini yamekuwa karibu mara mbili! Medali 300 za namna hiyo ni kilo 24 badala ya 12, na mizigo inalipiwa kwa kilo.

Utepe wa upana wa sentimita 2.5 hadi 3.5 unatosha. Uwe na urefu wa sentimita 85 hivi kabla ya kuunganishwa, upite kichwani bila taabu. Tundu la medali lilingane na upana wa utepe, la sivyo utepe utajikunja. Sampuli ya utepe ikifika, iloweshe maji na uikamue juu ya kitambaa cheupe. Ikichuja rangi, ikataeni, maana mkimbiaji anatoka jasho na fulana yake itaharibika.

IDADI NA BEI

Bei ya medali ina sehemu mbili: kalibu, na medali zenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Tuseme kalibu ni shilingi 200,000 na kila medali ni shilingi 3,000. Mkiagiza 100, kila moja itabeba shilingi 2,000 za kalibu, kwa hiyo itawagharimu shilingi 5,000. Mkiagiza 400, kila moja itabeba shilingi 500 tu, kwa hiyo itakuwa shilingi 3,500.

Lakini jamani, msidanganyike mkaagiza 400 wakati wakimbiaji ni 150, eti kwa sababu bei ya moja ni nafuu. Medali 400 ni shilingi 1,400,000. Medali 150 ni shilingi 650,000. Tofauti ni 750,000, na hizo ni fedha za zahanati.

Njia nzuri ni hii. Wekeni siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa wanaotaka medali, kabla ya kuagiza. Hesabuni waliolipa, si walioahidi. Ongezeni chache kwa ajili ya zitakazoharibika. Watakaojiandikisha baadaye waambiwe wazi, kabla hawajatoa pesa, kwamba medali hawana uhakika nayo.

HESABU SIKU KURUDI NYUMA

Viwanda vingi vya medali viko China, hasa katika jimbo la Guangdong. Hata ukiagiza kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Arusha, mara nyingi naye anaagiza huko. Kwa hiyo hesabuni siku mkianzia siku ya mbio na kurudi nyuma.

Tuseme mbio ni katikati ya Agosti. Medali ziwe zimefika kijijini wiki 1 kabla. Ndege, forodha na basi, wiki 2. Kutengeneza, wiki 4. Kalibu na sampuli, wiki 2. Mchoro na makubaliano, wiki 2. Kamati kukusanya bei na kuchagua, wiki 2. Jumla ni wiki 13. Basi anzeni katikati ya Mei. Mzigo ukija kwa meli ni nafuu zaidi, lakini ongezeni wiki 6 nyingine, yaani muanze mwanzoni mwa Aprili.

Kama mbio zenu ni Februari au Machi, jihadharini zaidi. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Wafanyakazi hurudi makwao, na viwanda hufungwa hata kwa wiki kadhaa.

MKATABA NA MALIPO

Chukueni bei kwa watu watatu, kwa maandishi. Ulizeni kila mmoja: je, bei hiyo ina kalibu ndani yake? Ina utepe? Ina usafiri na ushuru wa forodha? Anayeonekana wa bei ndogo huenda hajahesabu ushuru, na atawadai mwishoni.

Mkataba utaje ukubwa, unene, aina ya madini, rangi, idadi, siku ya kufika, na kalibu ni mali ya nani. Andikeni ni mali ya kijiji. Msilipe fedha zote mwanzoni. Lipeni sehemu, muone sampuli, ndipo kazi iendelee. Sampuli isomwe herufi kwa herufi na watu watatu, siyo mmoja. Jina la kijiji likikosewa katika kalibu, litakosewa katika medali zote. Malipo yapitie kwa mtunza fedha, na stakabadhi zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji.

KAMA FEDHA NI KIDOGO

Medali si lazima itoke ng'ambo. Mafundi wanaosubu sufuria za aluminiamu katika mchanga wanaweza kusubu medali pia, ingawa picha haitakuwa safi sana. Seremala anaweza kukata vipande vya matawi yaliyopogolewa, unene wa sentimita moja, na kuvichoma alama kwa chuma cha moto. Ila miti ikaushwe vizuri kivulini kwanza. Mti mbichi ukikauka unapasuka. Utepe ukatwe katika kitenge. Medali kama hiyo haina aibu, na fedha zake zinabaki kijijini.

SIKU YA MBIO

Medali zitunzwe na watu wawili wanaoaminika, mwisho wa njia, zimepangwa kwa umbali. Anayevishwa awekewe alama kwenye namba yake ya kifuani, asije akarudi mara ya pili. Mgeni rasmi ana heshima zake, lakini medali ya kumaliza ni ya aliyemaliza. Tena wagawaji wasiondoke mpaka mtu wa mwisho afike, hata kama turubai zimeshakunjwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunashauri mwaka uandikwe kwenye utepe?
2. Kalibu ni shilingi 240,000 na kila medali ni shilingi 2,500. Mkiagiza 120, kila moja itagharimu kiasi gani?
3. Mbio zenu ni mwezi gani? Hesabuni wiki 13 kurudi nyuma. Kamati ianze lini?
4. Ni picha gani moja inayofaa medali ya kijiji chenu? Kila mmoja aichore, kisha mchague pamoja.