Paka Aliyekonda Asishibishwe kwa Siku Moja

Paka hutusaidia kuua panya wanaokula mahindi yetu ghalani. Lakini ukimwona paka asiye na mwenyewe amekonda sana, usimpe chakula kingi kwa ghafla. Chaweza kumwua.

Mpe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Dagaa waliochemshwa bila chumvi wanafaa. Mwekee na maji safi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Asiponenepa, huenda ana minyoo. Mwulize bwana mifugo.

Usimshike kwa mkono. Paka pia hupata kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo huua watu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo.