Lenzi Ngumu za Macho na Namna ya Kuzivaa

Mtu asiyeona vizuri huvaa miwani, na mara nyingi mambo huisha hapo. Lakini wako vijana ambao miwani haiwafai. Jicho lina kioo chake cha mbele, nacho yapasa kiwe cha mviringo ulio laini. Kwa watu wengine, hasa tangu umri wa shule, kioo hicho huwa chembamba na kuchongoka kama pia. Ugonjwa huu huitwa keratokonasi. Mwanafunzi aliye nao hutazama ubao akaona kila herufi ina kivuli chake, hata akibadilishiwa miwani mara tatu. Huyo husaidiwa na lenzi ngumu, ivaliwayo juu ya jicho lenyewe. Machozi hujaza nafasi iliyo chini yake, na jicho hupata uso mpya ulio sawasawa.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1888 Adolf Fick, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, alieleza lenzi zake za kioo. Zilikuwa kubwa, zikafunika hata weupe wa jicho, na mtu alizivumilia saa chache tu. Mwaka 1948 Kevin Tuohy wa California alitengeneza lenzi ndogo ya plastiki. Za siku hizi hupitisha hewa, na nyingi zina upana wa milimita 9 au 10, yaani ndogo kuliko kifungo cha shati.

Shida ya kwanza ni kuitia. Kioo cha jicho kina hisi kali mno, na kope hufumba zenyewe kabla kidole hakijafika. Basi, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Tandika kitambaa safi mezani, maana lenzi ikianguka haionekani upesi. Ianze ya kulia kila siku, zisije zikabadilishana. Iweke juu ya ncha ya kidole, itone dawa yake, kisha uvute kope ya chini kwa kidole kingine cha mkono huo huo. Kope ya juu ishikwe kwa mkono wa pili, karibu kabisa na nywele zake. Tazama mbele katika kioo, ulete kidole polepole. Lenzi ikigusa tu, machozi huivuta yenyewe. Hapana haja ya kuisukuma. Achilia kope taratibu.

Shida ya pili ni kukaa mahali pake. Lenzi njema husogea kidogo kila upepesapo macho, kisha hurudi katikati. Ikiteleza hata kwenye weupe, usiogope: haiwezi kupotea nyuma ya jicho, kwa kuwa ngozi nyembamba ya ndani ya kope imekunjwa na kuunganishwa na jicho. Tafuta iliko, tazama upande mwingine, kisha uisukume kwa ukingo wa kope mpaka irudi. Ikiwa huteleza kila siku, kosa si la mvaaji. Umbo lake halikulingana na jicho, nayo yapasa ipimwe upya.

Shida ya tatu twaijua sote tukaao Magarama ya Gitega. Toka Juni hata Agosti mvua hukatika, na vumbi huingia hata katika madaftari. Punje moja chini ya lenzi ngumu huchoma kama sindano. Usisugue jicho, maana kusugua huumiza kioo chake na huzidisha keratokonasi. Itoe, uisafishe kwa dawa yake, ndipo uirudishe.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Usioshe lenzi kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya mvua, na usiilambe kamwe. Majini huishi kijidudu kiitwacho akanthamiba, kiwezacho kula kioo cha jicho hata mtu akapofuka. Usilale nazo ila daktari amekuruhusu, wala usimwazime rafiki. Jicho likiwa jekundu, likiuma na kuukimbia mwanga, toa lenzi na uende kwa daktari wa macho siku ile ile. Siku moja bila kusoma ubao si kitu. Jicho likiharibika, hasara yake ni ya maisha.