Kukatwa tumbo India ni saa mbili, kazi iko Meru ukisharudi

Mwishoni mwa Februari 2024 mavyaa alinipigia simu kutoka Meru, akasema maneno machache tu: "Mwanangu, njoo. Wifi yako anaona watu wawili wawili." Nilipanda basi la usiku hapa Mombasa, nikabadilisha gari Nairobi, na kufikia laasiri nilikuwa Majengo, kwao mume wangu. Wengi wetu Pwani hudhani Uislamu wa Kenya unaishia Mariakani, lakini Meru na Embu kuna Majengo yao, na misikiti yao, na wazee wanaozungumza Kiswahili cha kukuaibisha wewe wa Mji wa Kale.

Wifi yangu nilimkuta kitandani. Akiinuka anashika ukuta. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, macho yanacheza, na jina langu alilisema baada ya kufikiri. Wiki saba kabla ya hapo alikuwa amekatwa tumbo India ili apungue uzito.

Naandika haya kwa idhini yake, na kwa sababu tangu hapo nimeulizwa na wanawake wasiopungua kumi, wa Mombasa na wa huko bara, "Ile safari ya India ikoje? Ni pesa ngapi?" Mimi si daktari, diploma yangu ni ya mambo ya biashara. Ila nimekaa na madaktari waliomtibu nikauliza maswali mpaka wakanichoka, na nimeona kwamba swali la pesa ngapi si la kwanza.

Kwanza tumwondolee lawama. Majirani walisema alitaka urembo. Wifi yangu ana kimo cha mita 1.60, na alikuwa na kilo 112. Alikuwa na kisukari, alikuwa na presha, na magoti yalimfanya aswali ameketi kwenye kiti akiwa na miaka 41. Madaktari wana kipimo cha uzito kwa kimo: unachukua kilo zako, unagawa kwa kimo chako kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kwa kimo chake, kilo 77 zinampa kipimo cha 30, ambapo unene unaanza kuhesabiwa ugonjwa. Kilo 90 zinampa 35. Yeye alikuwa karibu na 44. Kwa miaka mingi, tangu 1991, madaktari walifuata kanuni kwamba mtu akatwe akifika 40, au 35 akiwa na maradhi yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza: 35 hata bila maradhi, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa kuanzia 30. Kwa kanuni zote mbili, mpya na ya zamani, wifi yangu alistahili. Wala hayuko peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi, na ule wa 2022 ukakuta hali imezidi. Sisi bado tunaita mwili wa heshima.

Aliyofanyiwa ni ile ya kukata mfuko wa chakula kwa urefu. Kati ya sehemu kumi huondolewa kama nane, kinabaki kibomba chembamba mfano wa ndizi. Hupasuliwi tumbo zima. Hutobolewa matundu madogo, kamera ikapita. Kazi yenyewe haizidi saa mbili kwa kawaida. Mtu anashiba haraka, na pia njaa inapungua, kwa sababu sehemu inayokatwa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni inayouambia ubongo kuna njaa. Iko aina ya pili, ambapo daktari anaacha kifuko kidogo juu na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, chakula kipite njia ya mkato. Hiyo ina nguvu zaidi kwa kisukari, lakini ukinywa chai ya sukari nyingi au ukila halua baadaye, moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka na kizunguzungu kinakuangusha.

Msichanganye upasuaji huu na kunyonywa mafuta. Kule wanafyonza mafuta chini ya ngozi kubadilisha umbo. Hakutibu kisukari wala presha. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta, na nikasikia watu wakisema "ndio ile ya wifi yako." Siyo. Wala puto siyo hii. Puto huingizwa mfukoni kupitia mdomoni bila kukatwa chochote, likakaa miezi, kisha likatolewa. Hilo hata Dar es Salaam lipo: Hospitali ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, walianza kuwawekea watu puto mwaka 2022.

Sasa safari. Wakala alipatikana kwa WhatsApp. Bei aliyopewa, pamoja na tiketi mbili, ilikuwa kama laki saba na nusu. Wifi aliuza kiploti chake upande wa Nkubu, chama kikamkopesha, na sisi wa Mombasa tukachanga. NHIF haikuhusika, na SHA iliyochukua mahali pake Oktoba 2024 isikutie tamaa: matibabu ya ng'ambo inayoyafikiria ni yale yasiyopatikana nchini, na upasuaji huu Nairobi upo, katika hospitali kubwa za kibinafsi. Balozi wa India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa na nyingine kwa anayemsindikiza. Msiende kwa viza ya utalii mkadhani mmeokoa pesa.

Hospitali ya huko sina neno nayo. Ilikuwa safi, daktari alikuwa mpole, na siku ya pili walimtembeza ili damu isigande miguuni. Hilo la damu lishikeni. Baada ya upasuaji kama huu damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, kisha donge likapanda hadi mapafuni na kuua ghafla, na kuketi ndegeni saa nyingi ni kuongeza hatari. Ndiyo maana hupewa sindano za kuzuia, na ndiyo maana kurudi siku ya tano kwa sababu tiketi ni rahisi ni upuuzi. Hatari nyingine ya siku za mwanzo ni pale paliposhonwa kuvuja. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto: hapo huendi duka la dawa, unakwenda hospitali.

Hatari hizi zimewapata watu wa nchi tajiri pia. BBC iliripoti mwaka 2023 kwamba Waingereza saba walikufa baada ya kwenda Uturuki kwa upasuaji wa kupunguza uzito, kuanzia 2019. Mwaka huohuo wa 2019 serikali ya Marekani iliwaonya watu wake waliokwenda Tijuana, Mexico, kwa upasuaji huu, kwamba baadhi yao walirudi na bakteria wasiosikia dawa. Na wengi wenu mtamkumbuka Eman Ahmed, yule Mmisri aliyesemekana kuwa na kilo 500. Februari 2017 alisafirishwa kwa ndege ya mizigo kutoka Misri hadi Mumbai, katika hospitali ya Saifee, ile ya Mabohora, na mwezi Machi akakatwa tumbo. Alipungua sana. Kisha dada yake na madaktari wakagombana hadharani kuhusu hali yake, akahamishwa Abu Dhabi mwezi Mei, na Septemba 2017 akafariki kwa maradhi ya moyo na figo. Alikuwa mgonjwa sana tangu mwanzo na si haki kusema upasuaji ulimuua. Ninachokiona mimi katika kisa chake ni kwamba dunia nzima ilitazama zile siku za kukatwa, na mzigo wenyewe ulikuwa katika miezi iliyofuata.

Turudi Majengo. Wifi alirudi Meru siku ya kumi na mbili akiwa na mkoba wa dawa za mwezi mmoja na karatasi moja ya maelezo ya chakula: wiki za kwanza vitu vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha laini. Karatasi ilitaja supu za kihindi na jibini la kwao. Hakuna aliyemwambia uji wa wimbi auchuje vipi, au kwamba mukimo, hata kama umepondwa, ni mzito kuliko unavyoonekana. Wiki ya tatu akaanza kutapika. Mwanzoni baada ya chakula, halafu hata maji. Aliandika kwa wakala. Wakala akamjibu kwamba ni kawaida, anywe kidogo kidogo. Baadaye akawa hajibu.

Alikwenda kliniki moja ya karibu. Wakapima, wakasema ni amiba. Ya pili wakasema ni vidonda vya tumbo. Kila mahali alisema "nilifanyiwa upasuaji India," lakini hakuwa na barua ya kueleza upasuaji gani, na aliogopa kusema ni wa unene asichekwe. Alipokuwa hoi wakamtundikia dripu ya glukosi. Jioni ile ndipo macho yakaanza kuona viwili.

Hapa nawaomba msome pole pole. Mwili una vitamini inayoitwa B1, au thiamini, na akiba yake ni ya wiki mbili tatu tu. Mtu anayetapika kila siku anaimaliza. Na mwili unaitumia B1 katika kuchoma sukari. Basi ukimtia glukosi mtu ambaye akiba yake imekwisha, kile kidogo kilichobaki kinateketea, na ubongo na mishipa ya fahamu ndiyo inayoumia: macho yanacheza, mwendo unayumba, akili inapotea. Dawa yake ni sindano ya thiamini yenyewe, mshipani, kabla ya glukosi. Si dawa ya ghali. Lakini lazima mtu aifikirie, na daktari wa mashinani anaifikiria anapomwona mlevi, kwa sababu walevi ndio hupungukiwa nayo zaidi.

Tulipomfikisha hospitali kubwa, daktari kijana alimtazama macho, akamwambia atembee, kisha akamgeukia mavyaa: "Shosho, samahani, mama huyu hunywa pombe?" Mavyaa alitaka kuondoka na mgonjwa wake. Mimi nikamwambia daktari habari ya India. Akauliza, "Walikata tumbo? Anatapika tangu lini?" Akatoka mbio. Sindano ilichomwa kabla ya magharibi, na asubuhi macho yalikuwa yametulia. Yule kijana nitamwombea dua siku zote.

Kutapika kwenyewe kulitibiwa Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru. Kile kibomba kilikuwa kimebana katikati, wakakipanua kwa puto dogo kupitia mdomoni, mara mbili. Pesa tulizotumia kwa magari, vitanda na vipimo, tukizijumlisha, tungekuwa tumemlipia nusu ya upasuaji hapahapa Nairobi. Embu hadi Nairobi ni saa mbili tatu za matatu. Aliye Runyenjes akikatwa Nairobi anarudi kwa aliyemkata siku hiyohiyo likitokea jambo. Aliyekatwa India anarudi kwa nani?

Sisemi India watu wasiende. Wako waliokwenda na wako salama. Nasema kabla hujauza kiploti, tafuta kwanza daktari wa hapa atakayekubali kukupokea ukirudi, umjue kwa jina, na yeye amjue aliyekukata. Daktari wa Embu au Meru ambaye hajawahi kuona mgonjwa wa namna hii si mjinga, hajapata kuona tu, na barua ndiyo itakayomwambia. Wifi yangu sasa anatembea na yake, imewekewa plastiki, mkobani. Inasema kwa Kiingereza na Kiswahili alikatwa nini, lini, na kwamba akitapika zaidi ya siku mbili apewe thiamini kabla ya glukosi. Imeandikwa pia asipewe Brufen wala aspirini ovyo, maana zinatoboa mfuko uliokatwa, na ukiumwa kichwa hapa kwetu kitu cha kwanza unachopewa ni Brufen.

Vitamini ni za maisha: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, na damu ipimwe kila mwaka. Dawa za kisukari na presha zipunguzwe na daktari mapema, kwa sababu sukari inashuka siku chache baada ya upasuaji, na anayeendelea na dozi ya zamani anaweza kuzimia. Mimba isubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Na kufunga: Ramadhani ile ya 2024 iliingia Machi, wifi yangu akalia kwa kukosa saumu kuliko alivyolia kwa kitu chochote. Maji ya siku nzima hawezi kuyanywa kwa mkupuo baada ya futari, mfuko haubebi. Madaktari wake walimkataza mwaka wa kwanza, na sheikh wa msikiti wao akamwambia mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya Qur'ani. Muulizeni daktari kisha sheikh, kwa mpangilio huo.

Leo ana kilo 74. Sindano za kisukari ameacha, anaswali amesimama, na amerudi kuuza nguo zake soko la Gakoromone. Nyayo za miguu bado zina ganzi, na daktari amesema huenda zikabaki hivyo. Kwenye ngazi hushika mkono wa mtu. Mwezi uliopita mwanamke mmoja alimjia dukani akiwa na namba ya wakala yuleyule kwenye simu. Wifi alimpa kiti, akamtolea ile barua kutoka mkobani, akamwambia aisome yote kwanza ndipo wazungumze bei.