AFYA YETU: Kamba Nyembamba Huua Mkono



Mwanzoni mwa kiangazi alikuja zahanati mzee mmoja mrina asali. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia. Hakuweza kuinua kikombe cha chai. Mkewe alikuwa akilia. Alisema mumewe amerogwa. Mimi nami niliogopa. Nilidhani ni kiharusi.

Nikamwambia mzee atabasamu. Uso haukupinda. Akazungumza vizuri, akatembea vizuri. Ndipo nikamvua shati. Begani palikuwa na alama ya kamba iliyozama kama mfereji.

"Mzee, ulibeba nini?" nikamwuliza.

"Asali tu, daktari. Dumu moja."

Dumu moja! Ndugu msomaji, dumu la lita 20 likijaa maji, maji yake yana uzito wa kilo 20. Likijaa asali ni kama kilo 28, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Mzee alilitia dumu ndani ya gunia. Akaongeza shoka, sufuria, unga na chupa ya maji. Akafunga gunia kwa kamba ya katani, akalivaa mgongoni. Upinde na mishale alishika mkononi. Alitembea saa sita.

Kwa nini mkono ulilegea? Mishipa ya fahamu inayouongoza mkono hutoka shingoni, ikapita chini ya mfupa wa mtulinga, ikaingia kwapani. Kamba nyembamba ikikandamiza hapo, mishipa hubanwa. Kwanza vidole huwasha kama vinatembelewa na siafu. Kisha hufa ganzi. Mtu akiendelea kutembea, mkono hukosa nguvu. Wengi hupona wakiacha kubeba mizigo, lakini huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Ila ukiona uso umepinda au maneno hayatoki vizuri, usingoje. Hicho huenda ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Basi anayekwenda porini siku nyingi achague shanta vizuri. Mikanda ya mabegani ndiyo ya kutazama kwanza, si rangi wala mifuko mingi. Mkanda uwe na upana wa vidole vinne, na ndani yake uwe na kitu laini. Kipande cha blanketi kuukuu kinatosha. Shanta ikiwa na mkanda wa kiunoni ni bora zaidi, kwa sababu nyonga hubeba sehemu ya mzigo na mabega hupumua. Kitu kizito kikae karibu na mgongo, katikati ya mabega. Shanta inayoning'inia mpaka kwenye makalio humvuta mtu nyuma, naye huinama kama mzee wa miaka mia.

Kabla ya safari, jaza shanta, ivae, uzunguke shamba lako kwa nusu saa. Vidole vikiwasha, rekebisha mikanda au punguza mzigo.

Je, mtu abebe kiasi gani? Mwaka 1986 wataalamu walitoa habari za akina mama Wajaluo na Wakikuyu wa Kenya. Waliona kwamba akina mama hao waliozoea waliweza kubeba moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Ukizidisha hapo, mwili huanza kudai. Kwa safari ya siku nzima mimi nashauri usipite robo ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 asizidishe kilo 15.

Mzee aliposikia hayo alicheka. "Mwanangu, nikigawa dumu nitakwenda porini mara mbili. Simba nao watanipata mara mbili." Ni kweli, na sikuwa na jibu siku ile.

Sasa habari ya mishale. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na kando ya Ziwa Eyasi ni wawindaji wa upinde tangu zamani. Watazame wanavyosafiri: upinde, mishale, kisu, shoka, basi. Ncha zenye sumu huzifunga kwa ukanda mwembamba wa ngozi. Sumu haikauki, wala haimchomi mbebaji. Baadhi ya sumu hizo husimamisha moyo. Kwa hiyo usichomeke mshale wazi ndani ya shanta. Ukijikwaa, ncha itakuingia wewe. Shoka nalo livishwe ala. Mtu akichomwa na mshale wa sumu, asitembee, asinyonye jeraha, asichanje. Osheni jeraha kwa maji mengi, mbebeni haraka mpaka hospitali. Na kumbukeni, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali.

Mzee wetu alirudi baada ya miezi miwili. Alinyoosha mkono akanisalimia kwa nguvu. Mgongoni alikuwa na shanta ya turubai, kazi ya fundi viatu, na mikanda yake ilishonewa blanketi. Sasa huenda porini na mdogo wake. Asali huigawa katika madumu ya lita 10, kila mmoja lake. Kilo 14 na vifaa vichache, robo imepita kidogo. Nilimwambia. Akasema sufuria ataibeba mdogo wake, ndiye mwenye nguvu, na fedha wanagawana nusu kwa nusu.