Mfuko 'Unaooza': Soma Lebo Kwanza

Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku nchini. Aprili 2024, NEMA iliagiza taka zinazooza, kama maganda ya ndizi, ziwekwe kwenye mifuko inayooza kwa asilimia 100. Mjadala sasa uko kwenye lebo, kwa sababu neno 'inaoza' pekee halitoshi. Kuna plastiki inayomeguka tu ikabaki vipande vidogo udongoni. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2021. Nyingine huoza kweli, lakini kwenye mitambo yenye joto la karibu nyuzi 58, si shimo la mbolea kule Runyenjes au Siakago. Lebo ya maana hutaja kiwango cha ubora, muda na mahali mfuko unapooza. Isipotaja, mwuzaji aulizwe kabla ya kulipwa.