Motokaa Iliyotengenezwa kwa Eropleni

Watu wengi hudhani ya kuwa motokaa ya kushinda zote kwa mbio haina budi kutengenezwa na kampuni kubwa yenye fedha nyingi. Si lazima iwe hivyo. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, mabwana wawili, Bwana Ed Shadle na Bwana Keith Zanghi, walianza kazi ya namna hiyo mnamo mwaka 1998. Walinunua eropleni kuukuu ya kivita, aina ya F-104 Starfighter, iliyokuwa imetupwa katika uwanja wa vyuma vikuukuu huko Maine, upande wa pili wa nchi. Waliowasaidia walikuwa watu wa kujitolea, wakifanya kazi saa zao za mapumziko pasipo mshahara. Chombo chao wakakiita North American Eagle, yaani Tai wa Amerika Kaskazini.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini eropleni? Sababu ni kwamba F-104 ina mwili mrefu, mwembamba kama mkuki, nao hupasua hewa kwa wepesi. Mabawa yake mafupi yaliondolewa, magurudumu yakatiwa, na kilichobaki kikawa motokaa ya urefu wa futi 56.

Injini ya jeti haifanani na injini ya lori. Katika lori, nguvu za injini hupelekwa kwenye magurudumu, nayo magurudumu ndiyo yanayosukuma ardhi. Injini ya jeti huvuta hewa kwa mbele, huishindilia, kisha huitia mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa na kuyawasha. Hewa hiyo yenye moto hutoka kwa nyuma kwa nguvu kubwa mno, na chombo husukumwa mbele. Magurudumu hayana kazi ila kubingirika na kuongoza njia. Lakini kazi hiyo si ndogo! Mipira ya kawaida ingepasuka vipande vipande kwa mwendo huo, na kwa hiyo magurudumu ya Eagle yalitengenezwa kwa aluminiamu tupu.

Sheria ya mashindano haya ni kali. Dereva hupimwa akienda, kisha hana budi kugeuza na kurudi njia ile ile katika muda wa saa moja, na mwendo unaoandikwa ni wastani wa mbio hizo mbili. Hivyo upepo wa nyuma hauwezi kumpa mtu ushindi usio wake. Bwana Shadle na wenzake walitaka kuupita mwendo wa maili 763 kwa saa, uliowekwa na Mwingereza Andy Green katika Thrust SSC mwaka 1997. Mwendo huo hawakuufikia, na hadi leo hakuna aliyeupita.

Mahali pa kukimbilia ni shida nyingine. Panatakiwa uwanda mrefu, mkavu, usio na bonde wala kilima. Eagle ilipelekwa kwenye jangwa la Alvord katika jimbo la Oregon, ambalo ni ziwa lililokauka. Ardhi yake kwa macho ni kama sakafu. Lakini katika mwendo wa maili 500 kwa saa hata jiwe dogo ni adui. Watu wa Thrust SSC walitembea jangwani wakiwa wamejipanga mstari, wakiokota changarawe kwa mikono. Kazi kama hiyo haivutii wapiga picha, lakini kwa maoni yetu uhai wa dereva huitegemea kama unavyoitegemea injini.

Bwana Shadle, aliyekuwa akiiendesha Eagle mwenyewe, alifariki mwaka 2018. Miongoni mwa madereva alikuwemo pia Bibi Jessi Combs, fundi hodari wa kuchomea vyuma, ambaye tangu mwaka 2013 alikuwa amekwisha kufikia karibu maili 400 kwa saa. Alitaka kuupita mwendo wa Bibi Kitty O'Neil, aliyekimbia maili 512 kwa saa katika jangwa lilo hilo mwaka 1976.

Tarehe 27 Agosti 2019 Bibi Combs alikwenda na kurudi. Katika mwendo uliokaribia maili 550 kwa saa, gurudumu la mbele lilivunjika. Wachunguzi walisema ya kuwa yamkini liligonga kitu fulani juu ya ardhi. Chombo kiliharibika na kushika moto, na Bibi Combs akafa.

Mbio zake zote mbili zilikuwa zimepimwa. Mwezi wa Juni 2020, Guinness World Records waliandika wastani wake, maili 522.783 kwa saa, yaani futi zipatazo 767 kwa kila sekunde, kuwa mwendo mkubwa kupita wote uliopata kufikiwa na mwanamke juu ya nchi kavu.